Mkasi wa Mama na Injini ya Boti

Juzi nilijaza maji moto kwenye mfuko wa mpira ili nipashe kitanda, na harufu ya mpira ule ikanirudisha Bellevue, kwenye ua wa nyumba tuliyopanga chumba kimoja, mbele ya injini ya boti.

Ndiyo, injini ya boti, huku Johannesburg tusikokuwa na ziwa wala bahari. Baba, fundi wa Kalemie, aliinunua ili siku moja arudi nayo kwenye Ziwa Tanganyika. Ilikaa juu ya magogo, mahali ambapo mama, mshonaji, alitaka kuweka meza yake. Mama aliiita mke mwenzake. Jumapili baada ya kanisa baba aliiwasha, ikinywa maji ya pipa, na mama alisimamisha cherehani mpaka ngurumo iishe. Nilidhani inamkera.

Mwaka mmoja baridi iliwahi. Baba alikuwa Durban kwa kazi ya ulinzi, akapiga simu: redio imetangaza barafu, na maji yakiganda ndani ya injini, chuma kitapasuka. Hapo safari yake ya kurudi ingekuwa imekwisha.

Jua lilikuwa linazama, rangi ya chungwa juu ya mabati, na pumzi zetu zilionekana. Mama alimwagia maji moto ya birika mipira inayopitisha maji, akaizungusha polepole kama baba alivyozoea, ili ichomoke na maji yatoke injinini. Miwili ilitoka. Wa tatu uligoma, umeng'ang'ania bomba, na maji yamebaki ndani. Akiuvuta kwa nguvu, bomba lingevunjika.

“Leta mukasi yangu,” akasema.

“Eish, mama, ile ya nguo?”

Mkasi ule hatukuthubutu kukatia hata karatasi.

“Ile ile. Mupira tutanunua ingine.”

Akaupasua mpira kwa urefu, kwa utulivu, kana kwamba anafuata mstari wa chaki. Maji yenye kutu yakatumwagikia miguuni.

Baba alipoikuta injini nzima, mama alimwambia alitumia kisu. Mkasi ukaanza kutafuna vitambaa, naye akawa anaunoa bila kulalamika.

Baba hakurudi Kalemie. Mkasi ninao mimi, na bado unatafuna. Nimechelewa kuelewa kwamba Jumapili zile, cherehani ikinyamaza, mama alikuwa anasikiliza. Naye alikulia kando ya ziwa lile. Mimi nilidhani mwenye hamu ya nyumbani ni baba peke yake.