Hawaamki kwa Kiswahili

Saa nane mchana, siku ya mnada, jua la Karatu linachoma mabati. Ndani ya banda la video la Eunike ni giza. Madirisha yamezibwa kwa magunia. Valeriani amekaa kwenye stuli kando ya skrini, kipaza sauti mkono wa kulia, rimoti wa kushoto. Anapunguza sauti ya filamu, anakohoa, kisha anakuwa mwanamke.

"Kaka yangu amelala miezi mitatu," anasema kwa sauti nyembamba. "Nipeni na mimi hiyo dawa nilale. Nitamfuata huko huko."

Mabenchi yanatulia. Mbele wamekaa wafugaji wa Kimaasai walioshuka kutoka Nainokanoka, milimani Ngorongoro, na kumaliza biashara yao ya mifugo. Katikati ni wakulima wa Ganako. Nyuma, karibu na mlango, wamesimama madereva wa watalii ambao leo hawana wageni.

Valeriani, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, hutafsiri filamu papo kwa papo. Watu humwita DJ, ingawa hapigi muziki. Ni Mwiraqw wa Ganako, na Kiingereza alikiokota Ngorongoro, katika kambi ya watalii alikohudumia meza kwa miaka tisa.

"Mgeni akila, anaongea," anasema. "Mimi nasimama nyuma yake na sahani. Hakuna aliyedhani nasikia."

Kambi ilipopunguza watu, ilianza na wale waliozaliwa karibu nayo. Hapa Karatu jambo hilo limeshazoeleka, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia mtu pole.

Sasa na banda nalo linataka kumpunguza. Eunike, mzaliwa wa Rombo ambaye wateja humwita Mama Anitha, ameletewa kutoka Arusha flashi iliyojaa filamu zilizokwisha kuingizwa sauti ya Kiswahili. Siku ya mnada Valeriani hupewa shilingi elfu kumi. Flashi haidai kitu, haiugui, haiendi msibani.

Mama Anitha hakumficha. Alimwambia kwamba filamu hii ya ndoto ndiyo itakayoamua. Kwenye flashi haimo. Inasemekana watafsiri wa mjini waliikimbia. Kama watazamaji wa Karatu nao watatoka katikati, kipaza sauti kitawekwa kabatini.

Filamu yenyewe inavuruga akili. Dada anaingia katika ndoto ya kaka yake ili amtoe. Mle ndani anamkuta kaka amelala tena, anaota ndoto nyingine, naye anashuka humo. Nyuma yake walinzi wenye makoti ya kijivu wanaziba kila mlango aliopitia. Nyumba ni ileile, sura ni zilezile. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu, ukiinuka hujui tena uko ndoto ipi.

"Mwanzoni nilikasirika, niliona wananifanya mjinga," anasema Valeriani. "Nikairudia. Nikaona yule dada kila akifungua mlango anasema ndiyo hapa, nimefika. Si kwamba hajui. Amechoka. Hapo filamu ikanishika."

Ili watu wasipotee, alibuni njia yake. Dada akiwa macho, anaongea Kiswahili. Katika ndoto ya kwanza anafungua mazungumzo kwa Kiiraqw, katika ya pili kwa Kimaasai, kisha Valeriani anamalizia kwa Kiswahili chenye lafudhi ya lugha hiyo, asiachwe mtu.

Kimaasai hakuwa nacho. Alifundishwa na Ngoyai, mfugaji wa Nainokanoka asiyekosa benchi la mbele, naye hakumwonea huruma: alimwambia anaongea kama mtu aliyemeza ugali wa moto.

Mnada uliopita filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyetoka katikati. Ugomvi ulikuwa nje, baadaye. Watu wa Ganako walisema dada alikuwa macho pale alipoongea Kiiraqw. Watu wa Nainokanoka wakasema hapana, ni pale pa Kimaasai, kwingine kote anaota. Hakuna benchi lililokubali kwamba kuwa macho ni pale pa Kiswahili.

Dereva mmoja, Mathias, akajaribu kuwasahihisha. Filamu imeanza kwa Kiswahili, alisema, sasa mnabishana nini?

Ngoyai akamgeukia. "Mathias, ukijigonga kidole gizani unalia kwa lugha gani? Mimi siamki kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili huwa naamshwa."

Wazee wa Ganako bado wanalikumbuka gari la sinema la serikali lililokuja kuwaonyesha namna ya kulima. Liliongea peke yake, likaondoka. Huko juu Nainokanoka, tangazo la kuhesabu mifugo, la mahali palipokatazwa kulimwa, la kuhama, yote yamefika kwa kipaza sauti na kwa Kiswahili kilichonyooka. Mtu aliyeamshwa hivyo tangu enzi za babu yake ana haki ya kuuliza kama kweli yuko macho.

Leo wamerudi kumaliza ubishi, na filamu inakaribia mwisho. Kaka na dada wamekaa mezani, chai inatoa mvuke. Kaka atauliza swali moja tu, na filamu itakatika dada hajajibu. Mnada uliopita Valeriani alilisema kwa Kiswahili: "Dada, tumefika nyumbani?"

Mabenchi yanasubiri lugha. Mama Anitha yuko mlangoni, amekunja mikono.

Valeriani analaza kipaza sauti magotini. Kaka anauliza mwenyewe, kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini. Kisha kwenye benchi la mbele mtu analisema swali lile kwa Kimaasai, taratibu, kama anayemuuliza jirani yake. Katikati linasikika kwa Kiiraqw. Skrini inakuwa nyeusi.

"Watu wamelipa wakusikie, Valeriani, wewe unanyamaza," anasema Mama Anitha wakati watu wanatoka. Anayaangalia mabenchi. "Siku za kawaida nitaweka flashi. Mnada ni wako."

Ni siku chache kwa mwezi, na Valeriani anajua. Ndiyo maana anatafuta betri kubwa na projekta ya kuazima. Anataka kuipandisha filamu hii Nainokanoka, ianze kwa Kimaasai, na dada asemewe na Ngoyai.

Na Kiswahili je?

Valeriani anakunja waya wa kipaza sauti. "Hicho nitakisema mimi," anasema. "Wale walinzi wa kuziba milango nao lazima wapate msemaji."