Eti Tuliondoka kwa Furaha

Siku ile ninaikumbuka kwa hasira, mwanangu, na sitaki hasira hiyo ipoe. Wazee wenzangu hupenda kuwaambia ninyi vijana kwamba yaliyopita si ndwele. Mimi nasema ndwele haiponi kwa kuitwa afya. Kaa nikueleze.

Ilikuwa miaka ya tisini. Vita vilikuwa vimetutoa Bujumbura, nami nikawa naishi Evere, mtaa wa Brussels kule Ubelgiji, kwa mjomba wangu, tonton Ramazani, nikingoja karatasi za ukimbizi. Mchana nilikwenda mtaa wa Etterbeek kumtunza bibi mmoja Mwingereza, mjane wa Mbelgiji, aitwaye Madame Edith. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini ulimi wake, lo, ungepasua kuni! Tulisemezana Kifaransa, na habari aliyoipenda ilikuwa moja tu: kijiji chao huko Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi huko. Wakati wa vita vya Wajerumani, jeshi la nchi yao wenyewe likakitaka kijiji kwa mazoezi ya mizinga. Watu wakaambiwa watoke, vita vikiisha watarudi. Vita vikaisha. Jeshi likabaki na kanisa, na kisima, na makaburi ya babu zao.

Basi Waingereza wa Brussels wakaandaa maonyesho ya urithi wa vijiji vya kwao, katika ukumbi mmoja palepale Etterbeek. Madame Edith akavaa koti lake zuri, nikamshika mkono, tukaenda. Ukutani tukaikuta picha ya karakana ya baba yake. Akaipapasa kwa vidole, akacheka peke yake. Chini ya picha palikuwa na kibao cha maelezo kwa Kifaransa, akaniomba nimsomee.

Nikasoma: "Wanakijiji waliyaacha makazi yao kwa furaha, kwa ajili ya taifa."

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Akaigonga fimbo yake sakafuni, ukumbi mzima ukageuka.

"Nani aliyeandika furaha?"

Mkuu wa maonyesho, bwana mmoja mwenye tai, akaja akitabasamu. "Madame, haya ni maonyesho ya urithi, si mahakama. Watu wamekuja kustarehe."

"Baba yangu alifunga mlango, akaufungua, akaufunga tena, na askari wanamsubiri. Alifia kwenye chumba cha kupanga, akiuliza kama nyundo zake zimeshika kutu. Hiyo ndiyo furaha?"

Bwana yule akamkamata mkono amtoe nje, kama unavyomtoa mbuzi aliyeingia jikoni. Hapo, mwanangu, damu ikanichemka. Nikauondoa mkono wake kwa nguvu. Kisha nikakitungua kile kibao.

"Na wewe, hii inakuhusu nini?" akanifokea. "Kijiji hiki si chenu! Kirudishe, au naita polisi."

Nilijua polisi ni nini kwa mtu anayengoja karatasi. Niliogopa, sikufichi. Lakini nilikwisha kuwasikia watu, hapahapa Brussels, wakisema kwamba sisi nasi tulihama kwa kupenda.

"Sikirudishi," nikamwambia.

Polisi akaja kweli. Hakuniuliza karatasi, alituamuru tu tutoke. Tukatoka, na watu wakatufuata! Madame Edith akasimama kando ya barabara kwenye baridi, akawasimulia kijiji chake nyumba kwa nyumba, jina kwa jina, mpaka sauti ikamkauka. Mama mmoja akalia. Bwana mwenye tai alibaki ndani na picha zake.

Wiki iliyofuata nikarudi pale ukumbini, nikakuta kibao kipya: "Wanakijiji waliondolewa." Hakuna aliyetuomba radhi. Madame Edith alifariki kabla ya mwaka kwisha, hajakiona tena kijiji chake, na hasira yake akaenda nayo. Simlaumu hata kidogo.

Nilipomsimulia tonton Ramazani, mtu ambaye tangu tufike Ulaya hakuwahi kulitamka jina la mtaa wetu, aliweka kikombe chake mezani. Halafu akasema, "Muntu akikufukuza kwako, alafu aseme ulitoka mwenyewe, bon, huyo amekuibia mara mbili." Akamwita mkewe akae karibu, akaanza kutuhesabia majirani wa kwetu, mmoja mmoja, walio hai na waliouawa.

Sasa ninyi! Mzee akianza kusema "zamani kule kwetu", mnageuza macho. Mnangoja wageni wawaandikie mlikotoka, kisha mnakariri kama kasuku. Mnajiliwaza eti njia ya mwongo ni fupi. Ni fupi palipo na mtu wa kumzibia, mwanangu. Ukimwachia, itawafikia wajukuu zako.

Waulize wazee wako wangali na pumzi: nani aliishi wapi, nani aliwatoa, na aliwatoa vipi. Ukisikia uongo juu yao usiuchekee kwa adabu. Heshima ni ya mtu, uongo wake hauna heshima. Na hasira usiione haya. Ila usiipeleke kwenye ngumi, ipeleke kwenye neno lililopindwa, ulinyooshe, hata kama unatetemeka.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi usionunulika na moyo usiochoka kuuliza. Akuweke mpaka uwe mzee wa kusikilizwa. Amin.