Goti Langu Nyumbani kwa Mkwe

Daktari aliponiuliza kama nyumbani kwangu kuna ngazi, nilicheka mpaka akainua macho kutoka kwenye faili. Ninakaa Mabatini, Mwanza, kule juu kwenye mawe. Nyumba aliijenga marehemu mume wangu wakati sote wawili tulipokuwa na miguu ya ujana. Kutoka barabarani unapanda ngazi za saruji, halafu jiwe lenyewe, halafu ngazi tena, na kuna mahali lazima upite kiubavu kati ya miamba miwili. Kwa miaka thelathini nilipandisha hapo ndoo za maji, magunia ya mkaa na watoto mgongoni. Nilipofika miaka sitini na sita, goti la kulia lilikuwa limekwisha kabisa, likatakiwa kupasuliwa na kuwekwa la chuma. Asubuhi nilishuka kinyumenyume, nimeshika ukuta, na majirani walishazoea kuona mgongo wangu kabla ya uso.

"Basi ukitoka hapa hurudi huko," daktari akasema. "Si kabla ya miezi mitatu. Tafuta mahali tambarare. Na pawe na choo cha kukaa, si cha kuchuchumaa."

Nilitoka mle ndani nikiwaza nani ana nyumba ya namna hiyo. Binti yangu na mumewe wako Dodoma, wamepanga ghorofa ya tatu. Kaka yangu yuko Sengerema, ana uwanja mpana na moyo mpana, lakini nilitakiwa kuhudhuria mazoezi ya goti mara mbili kwa wiki, na kuvuka ziwa kila mara na kidonda kibichi kusingewezekana.

Ndipo mkwe akapiga simu. Mkwe huyu ni mama wa mume wa binti yangu. Ni Mhaya, alikuja Mwanza zamani kuwa matroni wa mabweni katika shule ya wasichana, akastaafu, akajenga Butimba. Ni mjane kama mimi.

"Mkwe, utakuja kwangu," alisema. "Nyumba iko chini, choo cha kukaa kipo, na chumba cha wageni hakina mgeni."

Nilikataa mara mbili, kama inavyopasa. Mara ya tatu nilinyamaza, naye akasema, "Basi tumeelewana," akakata simu.

Sitaki kudanganya, niliogopa kwake kuliko nilivyoogopa kisu. Tulikuwa tumekutana mara chache: siku ya posa, siku ya harusi, ubatizo wa mjukuu, na misiba miwili. Kila mara tulikaa tukitazamana, tumevaa vizuri, tukiulizana habari za afya. Mimi nimelelewa kwamba mkwe unamheshimu kwa kukaa naye mbali kidogo. Huli mbele yake mpaka ukashiba, hucheki mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Sasa nilikuwa naenda kulala kwake, kuogeshwa, kushikwa mkono kwenda chooni.

Upasuaji wenyewe hauna mengi. Walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikaondoka, na nyuma ya pazia la kijani nikasikia nyundo. Nyundo kabisa, kama ya seremala anayepigilia kitanda. Nilimuuliza nesi kama ni mimi hiyo, akasema ndiyo mama, lala. Siku iliyofuata walinisimamisha kwenye fremu ya chuma na nikalia mbele za watu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mazishi ya mume wangu.

Siku ya kuruhusiwa, mkwe alikuja kunichukua. Amebeba khanga mbili, ndoo na chupa ya chai. Akanisalimia, "Shikamoo mkwe," nami nikaitikia "Marahaba," kama siku zote. Nesi alikuwa akijaza karatasi, akasoma kwa sauti mwaka wangu wa kuzaliwa. Mkwe akageuka polepole.

"Mwaka gani?"

Nesi akarudia.

"Kumbe mimi nimekuzidi miaka mitatu," mkwe akasema. "Na tangu posa unaipokea shikamoo yangu."

Sikuwa na pa kujificha, mguu wenyewe ulikuwa umefungwa bandeji kama mgomba. Nikasema, "Shikamoo, mkwe." Akaniambia marahaba, akaendelea kukunja khanga zake, lakini niliona mabega yake yakitikisika.

Kwake nilipokelewa kama askofu. Mashuka meupe yamepigwa pasi. Mto wa manyoya, alioudarizi mwenyewe maua, akauweka chini ya goti langu ili lipumzike. Maji ya kunywa kwenye jagi lenye kifuniko. Chakula kilikuja kitandani: ndizi na maharage mchana, ndizi na samaki jioni, kesho yake ndizi na nyama. Kila sahani nilisema, "Ndizi zako ni tamu, mkwe," na kweli zilikuwa tamu, ila mimi ni mtu wa ugali. Ikifika siku ya tano bila ugali, kwangu ni kama sijala tangu Jumapili.

Siku ya pili jioni alikuja akafunua jagi la maji, akachungulia.

"Mkwe, haya maji hayajapungua."

"Sina kiu."

Akavuta kiti, akakaa. "Nimelea wasichana wa bweni miaka ishirini na nane," alisema. "Msichana mgeni hanywi maji kwa sababu anaona haya kuuliza choo kiko wapi. Wewe choo unakijua kilipo. Unaona haya kuniita nikupeleke."

Akamimina glasi, akanikabidhi, akakaa palepale mpaka nikaimaliza. Kisha akamimina nyingine. Baada ya nusu saa sikuwa na ujanja, nikamwita. Alinipeleka hatua kwa hatua, fremu mbele, yeye nyuma amenishika kiunoni, akanikalisha, akatoka, akasimama nje ya mlango akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa ili nisione aibu ya kusikika. Nilikaa pale nikasikiliza beti zote.

Hata hivyo hilo lilikuwa jambo la choo tu. Kwa mengine tuliendelea kuheshimiana. Nikitaka kuinuka aliniwahi: "Kaa, mkwe, nitaleta." Nikianza mazoezi na kukunja uso kwa maumivu, alikimbilia kunizuia: "Pumzika, kesho ipo." Mimi nami sikuweza kumkatalia mwenye nyumba. Nikapumzika. Mto wa maua haukuondoka chini ya goti, na kwa kuwa aliudarizi yeye, sikuthubutu kuutoa.

Wiki ya tatu tukaenda kliniki ya mazoezi. Mtaalamu alikuwa baba wa makamo mwenye mikono minene, si mtu wa maneno mengi. Alinilaza, akaweka kwenye goti kipimo chake kama rula mbili zilizoungana, akaniambia nikunje. Nilikunja nilivyoweza. Akasoma, akasoma tena.

"Nyuzi hamsini na tano," alisema. "Mama, wiki hii nilitegemea tisini."

Mimi nimefundisha hesabu shule ya msingi maisha yangu yote. Najua pembe mraba ni nini, na najua hamsini na tano iko wapi. Nikajiona kama mwanafunzi aliyerudishiwa daftari lenye wekundu.

"Usiku mguu unaulazaje?" akauliza.

Mkwe akajibu kwa fahari, "Nimemwekea mto laini chini ya goti."

Yule baba akavua miwani. Akatueleza bila kupandisha sauti kwamba mto ule unafunza goti kukaa nusu, halikunjuki wala halikunjiki, na nyama za ndani zinashikana. Kwamba tukiendelea hivyo, mwezi ujao nitarudishwa chumba cha upasuaji, nilazwe usingizi, goti likunjwe kwa nguvu. Akamtazama mkwe. "Wewe ni dada yake?"

"Mimi ni mkwe wake."

"Ndiyo maana," alisema. "Mnaoneana haya. Goti halijui ukwe."

Tulirudi kwa teksi, tukafika Mkuyuni. Nilimwona mkwe anapangusa macho kwa ncha ya khanga. Nilitaka kumwambia si kosa lake, kwamba mimi ndiye niliyenyamaza, lakini nikageukia dirisha. Tulipofika alinikalisha kitandani, akachukua mto wa maua, akaupeleka chumbani kwake na kufunga kabati kwa ufunguo.

Kesho yake alfajiri niliamshwa na mtu nisiyemjua. Alisimama mlangoni, kitambaa kimefungwa kichwani, saa mkononi. "Saa kumi na mbili na nusu," alisema. "Amka, unyooshe." Hiyo ndiyo sauti ya matroni, na sasa nilielewa kwa nini wasichana wake mpaka leo wanavuka barabara kumsalimia. Barafu dakika ishirini, kukunja mara kumi, kunyoosha mara kumi, kutembea mpaka kwenye mpapai na kurudi. Maji nikitaka, yako jikoni, niyafuate. Chai nikitaka, sufuria iko pale.

Siku ya nne ya utawala huo nilikaa ukingoni mwa kitanda, yeye amepiga magoti sakafuni, ameshika kifundo cha mguu wangu, anausukuma nyuma taratibu. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno. Nikatoa neno la Kisukuma. Sitaliandika hapa. Ni neno ambalo wachungaji wa kwetu humwambia fahali mkaidi anapokataa kutoka zizini, na hakuna mwanamke aliyelelewa vizuri anayelitamka.

Mkwe hakuachia mguu. Aliinua uso, akanijibu kwa Kisukuma kilichonyooka, polepole, kwamba fahali huyu hatoki zizini mpaka ukunje mara tano tena.

Nadhani nilisahau hata maumivu. "Unasikia Kisukuma?"

"Miaka ishirini na nane na mabinti wenu," alisema. "Matusi ndiyo niliyojifunza kwanza."

Hapo nikakumbuka simu. Kila jioni nilikuwa nikizungumza na kaka yangu wa Sengerema kwa Kisukuma, mlango wazi, kwa raha zangu zote. Nilimwambia natunzwa vizuri lakini ndizi zitanitoka masikioni. Nilimwambia naota ugali wa muhogo. Mkwe aliniona ninavyobadilika rangi.

"Ndiyo," alisema. "Na ndizi nilisikia."

"Mbona basi hukupika ugali?"

"Kila siku unaniambia ndizi ni tamu. Mimi ni nani nimbishie mgeni? Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

Kuna kicheko kinachoanza kidogo, mtu anajaribu kukizuia kwa adabu. Kilitushinda wote wawili. Alikuwa bado amepiga magoti, amelaza kichwa kwenye goti langu zima, na mimi nilicheka mpaka jino langu la nyuma lisilokuwepo likaonekana. Halafu akanikunjisha zile mara tano. Mchana tulikula ugali wa muhogo na dagaa. Yeye alikula kidogo, akasema ni mzito kama udongo wa kufinyangia. Nikamwambia ahsante kwa kusema kweli.

Kuanzia siku hiyo tuliambiana. Alinieleza kwamba tangu mumewe afariki, chumba kile cha wageni alikifungua kila Jumamosi kukipiga deki tu na kukifunga tena. Mimi nilimweleza nilivyomwonea wivu siku ya harusi, kwa sababu binti yangu alimwita "mama" kwa urahisi mno. Tuliwasema watoto wetu wote wawili bila kuchagua upande. Mwanawe ni mvivu wa kupiga simu, binti yangu hapiki vizuri, na mjukuu ametoka vizuri kuliko wote.

Wiki ya sita kipimo kilisoma tisini na nne. Yule baba akasema "Vizuri," akaandika. Mkwe akaomba aruhusiwe kukiona mwenyewe kile kipimo, akakisogeza karibu na macho, akahesabu mistari.

Nilikaa kwake karibu miezi minne. Huku nyuma wanangu walituma fundi akajenga choo cha kukaa nyumbani kwangu na kuweka bomba la kushikilia kando ya ngazi. Siku ya kurudi, mkwe alinisindikiza mpaka chini ya mawe. Alinikumbusha masharti: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mguu wa chuma unatangulia. Akasema yeye atasubiri palepale mpaka nimpigie simu kutoka juu. Nilipanda nikipumzika mara sita, jirani mmoja nyuma yangu na mkoba. Nilipofika nikampigia. "Nimekuona," alisema. "Umeharakisha kwenye jiwe." Ndani nyumba ilikuwa na vumbi na ukimya, nikakaa kitini bila kuvua viatu mpaka jua likazama.

Sasa kupiga magoti sipigi tena, hata kanisani naomba nikiwa nimekaa. Kukiwa na mvua goti linakuwa zito, na watu bado wananiuliza kama ni kweli chuma kinaweza kuingia kutu. Mguu wa kushoto nao umeanza kulalamika, lakini hayo ni ya mwakani.

Kila Alhamisi nashuka naenda Butimba. Tunatembea mimi na mkwe mpaka ufukweni wanakouza samaki, yeye na kikapu, mimi na mkongojo. Tunachagua sato mmoja. Yeye anataka mdogo mwenye nyama laini, mimi namtaka mkubwa. Muuzaji ametuzoea, ananisogezea benchi na kuendelea na wateja wengine huku sisi tukibishana. Wiki iliyopita mama mmoja mgeni aliyekuwa akisubiri zamu yake alituuliza kama sisi ni ndugu wa tumbo moja. Mkwe alimwambia ndiyo, na tukaendelea kubishana juu ya samaki.