Waliposema Tujipange Kurudi, Mimi Nikasimama Mstari

Admin, kama wewe ni mkubwa kwangu shikamoo, kama ni mdogo nipokee kama mama yako. Naomba ufiche jina langu maana binti yangu na rafiki zake wanasoma huu ukurasa. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nakaa Cheyo, Tabora, nauza chapati. Shule niliishia la nne, nikikosea kuandika mnivumilie. Hapa ninapoandika niko Ujiji kwenye nyumba ya watu, miguu imevimba, na sina nauli ya kurudi kwangu.

Kuna kikundi cha vijana, wengine wa Tabora, wengine wa Dar, walipanga kutembea kwa miguu ile njia ya zamani ya misafara mpaka Ujiji. Wakaniomba niende nao niwapikie. Malipo wakanipa yote kabla hatujaondoka, nikanunua bati za jiko langu lililokuwa linavuja. Na roho yangu ilitaka pia. Babu yake baba yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo njia hiyohiyo, nami tangu mtoto nilitamani kuiona.

Siku moja kabla ya safari kiongozi wetu, kijana mpole tu, akatukusanya akasema, "Jamani, chakula na malazi ni juu yetu mpaka Ujiji. Kurudi, kila mtu ajipange."

Wote wakaitikia sawa, na mimi nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Ndugu zangu, kujipanga ninakokujua mimi ni kujipanga mstari. Bombani tunajipanga, kliniki tunajipanga, kupiga kura tunajipanga. Nikaelewa tukifika tutasimama mstari tupewe tiketi. Na kwetu ukimtoa mke wa mtu nyumbani kwake, wewe ndiye unamrudisha, hilo hata halisemwi. Nikaweka dera safi chini ya begi, la kuvaa siku ya kurudi.

Vyombo vilipakiwa kwenye toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu, sisi tukatembea. Sitasema ilikuwa mbaya. Tulipita Urambo, tukapita Kaliua, tukavuka Malagarasi, na wale watoto waliniita Mama Msafara. Miguu ikiuma walinikanda kwa maji ya chumvi. Niliwapenda kama niliowazaa.

Tulipofika Ujiji tulikumbatiana tukalia. Kesho yake kila mtu akawa anabonyeza simu, anatafuta basi lake. Mimi nimeoga, nimevaa dera langu, nikasimama na begi mbele ya kiongozi.

"Mama Msafara, unaondoka na gari gani?"

"Nakusubiri wewe, baba."

"Kwani hukujipanga?"

"Nimejipanga, si unaniona nimesimama? Mimi ndiye wa kwanza."

Wakacheka! Mmoja mpaka akakaa chini. "Mama Msafara bwana, vituko vyako tutavikumbuka!" Walidhani natania. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Niliona aibu kusema sikuelewa neno mbele ya watoto wenye vyuo vyao. Nikawaambia nina ndugu hapa, nitapumzika kidogo. Wakanikumbatia mmoja mmoja, wakaondoka.

Ndugu sina. Mama mmoja muuza mawese alinikuta barazani kwake, akaniuliza, "Dada, unamsubiri nani?" Nikalia. Ndiye aliyenichukua. Namwoshea vyombo, namfulia, lakini ana watoto wake na vyumba viwili, na uji anaonipa naona mwenyewe unavyozidi kuwa mwepesi.

Nikampigia mume wangu, ni fundi baiskeli. "Baba Zuhura, nimekwama." (Zuhura si jina la kweli la binti yangu.)

"Si nilikwambia? Wapagazi walikuwa wanarudi kwa miguu na mizigo begani. Wewe hata mzigo huna, unalia nini?"

Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba wiki hii kaziba pancha tu, hana kitu kabisa. Akakata simu. Simlaumu, najua akiwa hana huwa anatania.

Kinachoniua si hicho. Zuhura ana mimba yake ya kwanza na siku zake za kujifungua zimeshafika. Mumewe yuko Igunga kwenye mpunga. Kwetu mtoto wa kwanza, mama ndiye anayemshika binti yake mgongo, nami nilimwahidi nitakuwa nimerudi. Kila akinipigia, "Mama, umefika wapi?" nilikuwa namjibu niko njiani. Leo baba yake kamwambia ukweli.

"Mama, kwa nini unanificha? Hela yangu ya kujifungulia iko kwenye simu. Nikutumie uje."

"Hiyo usiiguse! Wakisema upasuaji utaitoa wapi?"

"Na nikizaa peke yangu je?"

Mgongo umeanza kumvuta tangu jana, nilimsikia anavyohema.

Namba ya kiongozi ninayo. Nimeshamwandikia mara nyingi, "Mwanangu, siku ile sikuwa natania," halafu nafuta. Naona kama watasema mama huyu amelipwa, ameaga vizuri, sasa anaomba. Nimewaza hata kurudi kwa miguu, njia naijua, lakini mtoto hatanisubiri.

Sasa hivi Zuhura ametuma ujumbe: "Mama natuma, niandikie tu ndiyo." Simu iko mkononi, sijajibu. Nikipokea, nitafika nimshike mgongo, lakini nitakuwa nimeila hela ya uhai wake kwa nauli. Nikikataa, atazaa bila mimi. Na yule kijana, hata nikimwandikia, sijui atanielewa au atacheka tena.

Wanangu mnaosoma hapa, nyie mnaojua maneno ya siku hizi, nielekezeni upesi. Nimwandikie nani, na niandike nini? Dera nimeshavaa, begi liko mlangoni.