Mwendo wa Siku Ile

Josiah alifunga breki za spoti kwenye gari lake la Probox miaka mitatu baada ya kumgonga mtoto wa Batula. Watu wa Garsen walipoziona, disiki pana kama sahani za pilau na kalipa nyekundu, vile vibano vya breki, zinazochungulia katikati ya rimu, hawakumcheka. Walitikisa vichwa wakasema, maskini, bado kifo kile kinamla.

Alikuwa Mgiriama wa kijiji cha Idsowe, ambako baba yake alihamia kutoka kusini kutafuta ardhi yenye maji. Kulima hakukumwingia hata kidogo. Alipopata gari alilifanya teksi ya Garsen na vijiji vyake, na jina lake likaenea haraka kwa sababu moja tu: alikuwa mwepesi. Mwenye mgonjwa alimtafuta Josiah. Anayekimbilia basi la Malindi alimtafuta Josiah. Abiria walifika wakitetemeka na kucheka, wakimwambia yeye si dereva, ni ndege, naye sifa hiyo ilimkaa vizuri kama shati la sikukuu.

Asubuhi moja, njia ya Idsowe, ndama alivuka barabara, na nyuma ya ndama alikuwa Sora, mtoto wa miaka saba, na fimbo yake mkononi. Josiah alikanyaga breki alipokuwa kwenye kalvati, daraja dogo la kupitisha maji. Magurudumu yalilia, gari likateleza moja kwa moja kama lililosukumwa na mkono, likamkuta mtoto penye kichaka cha mathenge. Mama yake, Batula, Muorma wa jamii ya wafugaji aliyekuwa akiuza maziwa mjini, alikuwa upande wa pili akifunga mtungi wake. Aliyaona yote.

Kikao cha wazee kilikaa siku chache baadaye. Mwenyekiti alimuuliza Josiah, "Ulikuwa mwendo gani?"

"Themanini."

"Na mbona gari halikusimama?"

"Breki zilinikataa, mzee. Nilikanyaga hadi chini."

Waliokagua gari walikuwa wamekuta pedi za breki zimelika, hilo lilikuwa kweli. Neno hilo liliwafaa wote. Wazee wa wakulima na wazee wa wafugaji walikuwa wamezika watu wa kutosha katika mapigano ya miaka ya nyuma, na hakuna aliyetaka kuanza tena kwa ajili ya Probox. Breki zikabeba lawama. Ng'ombe wa fidia wakatolewa, dua ikasomwa, mikono ikapeanwa. Batula alikuwa amekaa na wanawake nje ya ua. Hakuna aliyemuuliza chochote.

Mwanzoni Josiah alijua alichokifanya. Lakini kila aliyempa pole alimwambia, "Breki hizo, ndugu yangu, breki," naye akaitikia, na kwa kuitikia mara nyingi akaanza kuiona siku ile kama walivyoiona wao: mguu wake ukizama kwenye pedeli laini, chuma kikimsaliti. Mwaka wa pili alikuwa akiisimulia bila kumeza mate. Wa tatu alikuwa anaamini kabisa. Akamwendea Najib, mwenye duka la vipuri pale mjini, akamwambia anataka breki ambazo haziwezi kumkataa mtu.

"Zipo," Najib alisema. "Za magari ya mashindano. Nitakuagizia Mombasa."

Zilipofungwa, Josiah alihisi mwili wake umekuwa mwepesi. Ukigusa pedeli tu, pua ya gari inainama. Alitaka mtu mmoja ajue kuliko wote. Batula alikuwa bado akija mjini na maziwa yake, ila kwa punda. Tangu siku ile hakuwahi kupanda gari la Josiah, wala kumtazama usoni. Josiah alimfuata sokoni, akasimama mbele ya mitungi yake.

"Mama Sora, nimebadilisha breki. Hizi ni kubwa, za spoti. Nilitaka ujue tu. Ningekuwa nazo siku ile, mtoto angekuwa hai."

Batula alifuta mdomo wa mtungi kwa kitambaa, taratibu, akamaliza.

"Wewe hiyo iko na hakika?"

"Hakika kabisa, mama."

"Basi onyesha mimi. Pale pale."

Josiah hakulitarajia hilo, lakini pia alilipenda. Hapo alipata nafasi ya kusafishwa na mtu pekee ambaye hakuwahi kumsafisha. Najib naye alifurahi zaidi. Alisema atakuja na Probox yake mwenyewe, yenye breki zake za kawaida za kiwandani, pedi mpya na tairi za aina moja na za Josiah, ili mama aone tofauti kwa macho.

Walikutana asubuhi, barabara ikiwa tupu. Batula aliweka mtungi wa manjano uliojaa maziwa penye mathenge, mahali mwanawe alipoangukia. Kisha akaonyesha kalvati kwa kidole. "Breki anza hapa. Alama nyeusi ilianza hapa. Mimi ilikuja kuangalia kila siku mpaka mvua ikafuta."

Josiah alirudi mbali, akaja kwa themanini, akakanyaga penye kalvati. Gari lilijishika kwa nguvu, likasimama likiwa na nafasi kubwa mbele yake. Aliteremka akitabasamu. Alitia jiwe pembeni ya gurudumu la mbele kuweka alama, akarudisha gari nyuma.

"Umeona, mama?"

"Nimeona. Sasa ile nyingine."

Najib akaja kwa themanini na breki zake za kawaida. Akakanyaga penye kalvati. Probox yake ilisimama, na gurudumu lake la mbele likawa karibu na lile jiwe kiasi kwamba mtu angeweza kuweka mguu mmoja hapa na mwingine pale.

Najib aliteremka akaliangalia jiwe, akaangalia gari lake, akajikuna shingo.

"Rudia," Josiah alimwambia.

Najib alirudia. Ikawa vile vile.

"Sikiliza, Jose," Najib alisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayetamani kuwa dukani kwake. "Breki inashika gurudumu. Barabara inashikwa na tairi. Gurudumu likishafika mwisho wa kushika, hata ukiweka disiki kubwa kama meza, ni bure. Hizi faida yake ni mteremko, au kukanyaga tena na tena bila breki kuchemka."

"Mteremko uko wapi hapa?"

Pande zote nchi ilikuwa tambarare kama mkeka mpaka macho yanapoishia.

Batula alikuwa ametembea mpaka kwenye jiwe. Akasimama hapo akaangalia mtungi wake uliokuwa mbali mbele, mzima, haujaguswa na gari lolote.

"Breki kubwa imesimama hapa. Breki ndogo imesimama hapa," alisema. "Mtoto yangu alikuwa kule."

"Siku ile pedi zilikuwa zimelika, mama," Josiah alisema.

"Breki imekufa, gurudumu inalia namna gani? Gurudumu ililia. Breki ilishika. Mimi nimesikia." Akamgeukia. "Na hii sauti ya leo si ile. Siku ile gari ilivuma kabla macho yangu haijaona. Josiah, nenda mwendo ya siku ile."

"Mama Sora..."

"Nenda."

Angeweza kukataa. Najib alikuwa anamtikisia kichwa akatae. Lakini Josiah aliingia garini, akarudi mbali kuliko mara ya kwanza, na alipoondoka mguu wake ulijua wenyewe mahali pa kwenda. Mshale wa spidi ulipita themanini, ukapita mia, ukatulia mia na kumi, pale ulipokuwa ukitulia kila siku katika miaka yake ya kuitwa ndege. Kalvati ikafika. Alikanyaga zile breki za mashindano kwa miguu yote miwili. Magurudumu yalilia kilio kile kile. Gari likapita jiwe, likapita kivuli cha mathenge, likaukanyaga mtungi, na maziwa yakamwagika kwenye lami hadi chini ya milango.

Josiah alibaki ndani ameshika usukani. Batula alikuja akasimama dirishani.

"Miaka mitatu mimi nimelaani chuma," alisema. "Chuma haina dhambi."

Akachukua kifuniko cha mtungi, kilichokuwa kimebaki kizima, akaenda kwa punda wake.

Wiki ile ile Batula alienda kwa wazee. Josiah naye alikwenda, bila kuitwa, akasimama mbele ya mwenyekiti, akatamka kwa kinywa chake kwamba alikuwa mia na kumi, kwamba breki zilishika, kwamba alisema uongo. Wazee walitazamana. Mmoja akakohoa.

"Jambo hili lilikwisha," mwenyekiti alisema. "Watu walipeana mikono. Mnataka tufukue kaburi, tugombanishe vijiji?" Akamgeukia Batula. "Mama, rudi nyumbani. Mungu alimpenda mtoto."

Batula alijitanda shuka yake akatoka.

Josiah naye alipokuwa anatoka, mwenyekiti alimfuata hadi kwenye gari. Aliinama akazitazama zile kalipa nyekundu kwa muda, akazigusa kwa ncha ya kidole.

"Na hizi," aliuliza, "mtu wa pickup anaweza kufungiwa?"

Josiah bado anaendesha, maana hana kazi nyingine anayoijua. Sasa haendi zaidi ya sitini, na wenye haraka wamehamia kwa madereva wengine. Wanaopanda kwake ni wazee, na wanawake wenye watoto wachanga. Huteremka salama, hupiga mlango kwa kiganja, humwambia gari hili lina breki, baba, shikilia hivyo hivyo. Yeye huwarudishia chenji yao na kuangalia barabara.