Nilimwambia mwalimu kuwa binti yangu ni mjukuu wangu

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana sisi watu wa hapa Bahati, Nakuru, tunajuana. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka sitini na tisa. Binti yangu ana miaka kumi. Wanaotaka kucheka wacheke, kisha wanisikilize.

Zamani nilikuwa na shamba upande wa Molo, mimi na mke wangu wa kwanza na kijana wetu, ambaye hapa nitamwita Karanja. Fujo za uchaguzi zilipotukuta tulitoka na godoro, redio na katoni moja ya vitabu. Mke wangu alifia kambini, ndani ya hema. Karanja akaenda Naivasha kutafuta kazi, na akaoa huko huko. Mimi nilipata kipande cha ardhi hapa, nikaishi peke yangu miaka kadhaa, kisha nikamwoa mama wa binti yangu, ambaye huuza mboga mjini Nakuru. Mtoto alipozaliwa nilikuwa na miaka hamsini na tisa. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hivyo nyumbani namwita Maitu, yaani mama yangu.

Mke wangu huondoka alfajiri kwenda sokoni, kwa hivyo mlezi ni mimi. Nimejifunza kusuka nywele kwa vidole vinavyouma wakati wa baridi. Kuruka kamba naye siwezi, magoti hayataki. Siku moja nesi wa kliniki aliniambia, "Mzee, ambia msichana wako aache uvivu, akuje na mtoto wake mwenyewe." Nilicheka tu. Mbele ya mtu asiyenijua, kucheka ni rahisi.

Januari nilimpeleka shule mpya kuanza Gredi ya Nne. Mwalimu wa darasa alinitazama, akasimama. "Mwalimu! Si ni wewe ulitufunza kule Molo? Mimi nilikuwa darasa moja na Karanja."

Kwa miaka mingi sikuwa nimekutana na mtu wa kule. Akaniuliza, "Na mama, hajambo? Mimi ndio nilikuwa namaliza uji wake."

Nikamwambia alitutoka. Alilia pale pale mlangoni, mtu mzima, akiwa na chaki mkononi. Mimi pia nililia. Kisha akajipangusa, akamtazama mtoto. "Na huyu ni wa Karanja. Amefanana na yeye mpaka masikio."

Nikasema, "Eeh, ni wa Karanja."

Sijui niwaeleze vipi. Mbele ya huyo mwanamke nilikuwa bado mume wa marehemu, bado mtu mwenye shamba. Sikuweza kumwambia, machozi yake yakiwa hayajakauka, kwamba nilioa tena na kupata mtoto.

Njiani Maitu aliniuliza, "Baba, mbona umesema mimi ni wa Karanja?"

"Ni mazungumzo ya watu wakubwa."

Alitembea kidogo. "Sasa shuleni nikuite nani?"

Hapo ndipo ningeweza kurekebisha. Badala yake nilimwambia, "Niite vile mwalimu anavyodhani." Tangu siku hiyo, tukifika getini, mimi ni Guka, babu yake. Tukipita duka la kwanza tukirudi, mimi ni Baba tena. Hajawahi kukosea hata mara moja, na hilo ndilo linaloniumiza. Mama yake hajui lolote.

Jana, Jumatatu, alileta karatasi ya manila nyumbani niitie sahihi. Waliambiwa wachore mti wa familia. Amechora vizuri sana. Kwenye tawi lake yuko yeye. Juu yake amemchora baba, Karanja, na kando ya Karanja, kama mke wake, amemchora mama yake na kikapu cha sukuma wiki. Mimi niko tawi la juu kabisa, nimekaa na marehemu mke wangu, mwanamke ambaye mtoto huyu hajawahi hata kumwona. Mwalimu amempa alama zote, akaandika chini: "Kazi safi. Mlete baba Ijumaa."

Ijumaa ni siku ya kufunga shule. Michoro itabandikwa ukutani, kila mzazi asimame na mtoto wake mbele ya mti wao. Mke wangu ameshamwomba jirani amwangalilie kibanda ili aje. Atajiona ameolewa na mwanangu.

Nimefikiria kumwaga chai kwenye ile manila, nikaona aibu. Nikienda kwa mwalimu kabla ya Ijumaa, Maitu ataonekana mwongo mbele ya wenzake, na uongo ni wangu. Nikimwambia mke wangu, nitaanzia wapi?

Asubuhi ya leo nikimfunga viatu, Maitu aliniuliza polepole, bila hasira, "Ijumaa utakuja ukiwa nani?"

Nilifunga kamba za kiatu cha pili. Nisaidieni, wazazi wenzangu. Nimjibu nini?