Jiwe Lililobaki Kwenye Kopo

Mutu akijenga nyumba ya kisasa, ile ya kuwasha taa na kufungua mulango kwa kidole ukutani, swali la kwanza ni skrini ngapi. Mimi pia nilikuwa ninauliza hivyo. Niliuliza kwa sauti, kwa furaha, kalamu nyuma ya sikio, kama mutu anayeuza nyanya sokoni. Siku hizi siulizi tena kwa mudomo. Nyumba iliyonifunza adabu hiyo iko palepale Nchelenge, juu kidogo ya barabara ya kwenda Kafutuma, na dirisha lake la nyuma linatazama ziwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule niliacha darasa la tisa, kiisha nikajifunza miezi mitatu namna ya kufunga sola, kule kambi ya wakimbizi ya Mantapala, tunakokaa tangu tuvuke kutoka Kongo. Bon, cheti changu ni karatasi moja tu. Lakini nilikuwa na daftari, na ndani ya daftari nilichora nyumba. Nyumba zangu zote zilikuwa na skrini ukutani, nyingine hadi ndani ya banda la kuku. Mama yangu alikuwa akinicheka: "Paa yetu inavuja, weye unachora ukuta wa kusema!" Kwa hiyo kazi ile ya Nchelenge iliponifikia, nilipanda baiskeli asubuhi na nikaimba njia nzima.

Mwenye nyumba alikuwa mama muuza chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa juani kwenye mchanga hadi wanameta kama vipande vya bati. Watu walimuita mujane. Yeye neno lile hakulikubali. Mume wake alitoka kuvua usiku na mutumbwi, nyavu na taa yake, miaka mingi iliyopita, pamoja na wenzake, wenzake wakarudi. Mwili haukuonekana, kilio hakikukaliwa, na mama akabaki katika nyumba yao ya zamani, chini kabisa, karibu na matete. "Akirudi atanitafuta wapi?" alikuwa akiwajibu watu. "Ile nyumba njo anajua njia yake."

Lakini ziwa lilikuwa limepanda. Mwaka ule maji yalifika barazani, na matofali ya chini yalianza kulainika kama mukate ndani ya chai. Mutoto wake wa kiume, anayefanya kazi Lusaka, alimujengea nyumba mupya huku juu, na mama alikuwa anaitembelea kama mutu anayetembelea jirani: anaingia, anasifu, anarudi chini. Kazi yangu ilikuwa skrini, ni kweli. Mais kila mutu pale alijua jambo lenyewe. Mama asipohama kabla ya mvua, ile nyumba ya chini itamuangukia.

Mutoto wake alinipigia simu siku ya kwanza. Niliiweka sauti wazi ili mama asikie.

"Dada fundi, nimetuma katoni. Ziko kumi. Piga zote."

"Kumi, kaka? Vyumba havifiki kumi."

"Weka hata mu choo."

"Mu choo?" mama akadakia. "Ni nani anataka kunisalimia mu choo?"

Mwashi wetu, mwanaume wa Mununga mwenye maneno mengi, alicheka hadi akashika ukuta. Yeye ndiye angepiga plasta siku ya Ijumaa. "Baada ya plasta sitaki kusikia habari ya kukata ukuta," alikuwa ameshaniambia. Kwa hiyo matundu yote ilibidi yakatwe kabla. Nikaona bora nimalize jambo palepale. Nikatoa kalamu sikioni, nikamugeukia mama, ambaye pale wote wanamuita mayo.

"Basi mayo, weye mwenyewe sema. Skrini zote ngapi?"

Mama akageukia mulango. Mwashi akaacha kucheka. Nikafikiri hakusikia, nikarudia kwa nguvu zaidi: "Ngapi, mayo?"

"Kitu ya kuwaka hatuhesabu na mudomo, mwanangu," alisema polepole, na akatoka nje.

Mwashi ndiye aliyenieleza, akichanganya saruji na kunitazama kama mutoto aliyevunja sahani. Wanawake wa kambi ya wavuvi kule chini, waume zao wakitoka na taa kuvua chisense, wanachukua jiwe dogo kwa kila taa inayoingia majini, wanaliweka kwenye kopo. Alfajiri kila mutumbwi unaofika, jiwe moja linarudishwa ziwani. Idadi haisemwi. Kopo likiwa tupu, njo unaweza kusema, na hata kupiga vigelegele. Kabla ya hapo, kutaja namba ni kama kumuonyesha mutu njia ya kupotea.

"Kopo yake haijaisha," mwashi alisema. "Jiwe moja iko ndani mpaka leo. Haujasikia?"

Nilikuwa nimesikia, nikadhani ni sarafu. Lilikuwa kopo la maziwa la zamani, limeshika kutu, na kila mama alipotembea lilisema kok, kok, kok, mukononi mwake. Nilimufuata nje, nikapiga goti. "Unisamehe, mayo. Sisi tulikuwa wakulima, hatujui mambo ya taa."

Alinishika kichwa. "Ulikuwa na furaha. Furaha haina zambi." Kiisha akafikiri kidogo. "Nitakuwekea mawe. Kila kwenye utaona jiwe chini ya ukuta, piga pale. Usihesabu, piga tu."

Nikaona ni akili kubwa kuliko michoro yangu yote. Aliokota changarawe uani, akaingia peke yake, na mimi na mwashi tukakaa nyuma ya nyumba tukila muhogo wa kuchoma. Tulisikia malapa yake yakienda chumba kwa chumba. Yakasimama, yakaenda, yakasimama tena. Kiisha alitoka mulango wa mbele akashuka zake chini kwenye samaki wake.

Niliingia na chaki na patasi. Jiwe moja mulangoni. Moja salon, mu sebule. Moja jikoni. Moja chumba chake, upande wa kichwa cha kitanda. Moja chumba cha wageni. Moja mulango wa nyuma, karibu na stoo ya samaki. Na mwisho wa koridoo, chini ya dirisha la ziwani, pale ambapo hakuna mulango wala swichi, lilikuwa kopo. Ndani yake jiwe. Nilijiuliza mutu atagusa nini pale. Lakini nilikuwa nimeambiwa nisihesabu, nipige tu. Nikasogeza kopo kwa heshima, nikachora muraba, nikakata tundu, nikapitisha bomba la waya. Kazi safi kabisa. Niliipiga picha.

Jioni mama alipanda tena, mikono mitupu, akihema. "Kopo yangu! Niliiacha pa jiwe ya mulango wa mbele, ilipotea."

"Iko hapa, mayo. Palepale uliiweka."

Alikuja hadi mwisho wa koridoo, akalitazama kopo, akalitazama tundu juu yake. Uso wake ulibadilika.

"Mimi huku sikufika," alisema.

Nilimutazama mwashi. "Usiniangalie mimi," akasema haraka, "tulikuwa wote ku muhogo." Na ilikuwa kweli. Nyumba ile haikuwa na mutu mwingine. Upepo wa ziwa uliingia kwenye tundu langu na kutoa sauti ndogo, kama mutu anayepuliza chai.

Usiku ule sikuimba kwenye baiskeli.

Kesho yake tulibishana. Mwashi alitaka kuliziba lile tundu hata bure. Mutoto wa mama alisema kwenye simu: "Skrini ziko, weka tu, shida iko wapi?" Mama alikuja kila siku kukaa sakafuni mbele ya tundu, kopo miguuni, kama mutu aliyetangulia kufika kwenye miadi. Magauni yake yalikuwa na alama ya maji hadi magotini. Usiku alikuwa analala kule chini, kitanda kimewekwa juu ya matofali. Ijumaa mwashi alipiga plasta ukuta wote, na kuzunguka tundu lile alipita kwa mwiko mwepesi sana, bila utani hata mumoja.

Nilipofunga zile sita, zote ziliamka vizuri. Skrini za namna ile zinahisi mutu: ukikaribia zinawaka zenyewe, ukiondoka zinalala. Mama alijaribu ya jikoni, akaikaribia na kurudi nyuma, akaikaribia tena, akacheka: "Hii inapenda wageni." Nilifurahi kumusikia akicheka. Moyo wangu ni mwepesi hivyo, kila mutu wa nyumbani analijua hilo. Nikafikiri: nifunge na ile ya koridoo, aone kwamba ni kioo tu na waya, hofu imutoke.

Ilikuwa saa sita ya mchana. Jua lilikuwa linapiga ziwani, na mwanga wake ulikuwa unachezacheza darini, kwenye plafon. Nilikaza skrubu ya mwisho, nikarudi nyuma hadi kwa mama, karibu na mulango wa salon. Skrini ilijaribu muwako wa kwanza, ikalala, nyeusi. Tulisimama. Hapakuwa na mutu karibu nayo. Mwashi alikuwa uani, nilisikia koleo lake.

Skrini ikawaka.

Mwanga wake ulikuwa mweupe, wa kutulia, jinsi taa za chisense zinavyoonekana zikiwa mbali majini. Mama alishika mukono wangu, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Ameingia," alisema.

Na hapo hapo mimi nikaona. Mujusi mudogo, wa rangi ya plasta, alitoka pembeni ya skrini, akasimama juu ya kioo, akateleza nyuma kwenye bomba la waya ambalo sikuliziba. Mukia wake tu ulibaki, kiisha nao ukaingia.

Ninataka kueleza vizuri jinsi nilivyonyamaza. Neno lilikuwa mudomoni tayari: mayo, ni mujusi. Lakini mama alikuwa analia bila sauti, na alikuwa ameinama kuchukua kopo lake. "Kama alifika huku," alikuwa anasema, "basi kule chini minangojea nani?" Nilifikiria kitanda kilichopandishwa juu ya matofali. Nilifikiria yale matofali yanayolainika. Nikameza neno langu, likashuka kama mwiba wa samaki.

Tuliteremka naye hadi majini. Hapakuwa na watu, ila chisense tu kwenye mchanga na ndege mumoja anayeiba. Mama aligeuza kopo, jiwe likaanguka kwenye kiganja, dogo, jeusi, limesuguliwa na miaka ya kutembea. Hakulirusha. Aliingia maji ya magoti, akaliweka chini taratibu, kama mutu anayemulaza mutoto. Aliporudi alikuwa na kopo tupu, akaliangusha mchangani, akalipiga teke.

"Saba," alisema.

"Nini, mayo?"

"Uliniuliza skrini zote ngapi. Ni saba." Akasema tena, kwa nguvu, akilitazama ziwa: "Saba! Taa zilitoka saba, zilirudi saba!" Na akapiga kigelegele, peke yake, hadi mwashi akakimbia kutoka juu akidhani kuna mutu amezama.

Alihama siku ya pili yake. Wiki tatu baadaye mvua ilipoanza, nyumba ya chini ilikaa kwanza upande mumoja, kiisha ikalala. Matete yanaota pale sasa.

Mimi sikulala vizuri. Nilikuwa nimemudanganya mama wa watu kwa mujusi. Mwezi ule ule nikarudi na bomba la silikoni, nikamukuta koridoo, amejiwekea kiti.

"Mayo, iko neno," nikaanza, na machozi yakanitangulia. "Ile siku, ile skrini... ilikuwa mujusi. Nilimuona. Nikakuficha."

"Nilimuona," alisema. "Nilikuona na weye ukimuona."

Nikakaa sakafuni, karibu na kiti chake.

"Maji ilikuwa inaniingia mu kitanda, mwana. Miaka yote nilitafuta mutu aniambie njoo huku. Batu yote walisema toka kule, toka kule. Hakuna aliyesema njoo." Akanipangusa uso kwa kitenge chake. "Mujusi akasema."

Tulicheka, tukalia, tukacheka tena. Kiisha nikafungua skrini. Mujusi alikuwa mulemule, amenona. Nilimutoa kwa karatasi hadi uani, nikaziba bomba kwa silikoni, pembe zote, hata sisimizi hapiti. Nikairudisha, nikakaza.

"Na kopo, mayo?" niliuliza, mugongo wangu kwake. "Nani alileta kopo huku?"

Nilisikia kiti chake kikilia kidogo tu.

Nilirudi nyuma nikasimama karibu na kiti chake. Ilikuwa mchana, ziwa jeupe dirishani, nyumba kimya hadi unasikia friji ya stoo ikipumua. Hatukusogea, si mimi wala yeye.

Skrini ya mwisho wa koridoo ikawaka.

Nikashika mugongo wa kiti. Lakini mama hakushtuka. Alirekebisha kitenge chake, akakaa vizuri kwenye kiti, na akasema kwa ile sauti ya uchovu na utani ambayo mwanamuke anamusemesha mutu aliyezoea kumuchafulia nyumba:

"Manyavu yako uache inje."